Mguu Kwenye Kituo cha Tatu

Saa kumi na moja jioni Marlys Vosika alitoa runza mbili kwenye oveni, mikate ile yenye nyama ya kusaga na kabichi ndani. Akazifunga kwa foili, akatia na tufaha kwenye mfuko, akashuka Mtaa wa Ghala kwenda uwanja wa besiboli kumpelekea mwanawe chakula. Alitembea polepole kwa sababu ya nyonga. Alipofika aliuweka mfuko kwenye nyasi, akarudi nyuma hatua kadhaa, na Toby akachuchumaa, mguu wake wa kulia ukiwa bado umekanyaga kituo cha tatu, akauvuta mfuko kwa ncha za vidole.

"Umeweka haradali?"

"Imo ndani."

"Asante, Mama."

Akala amesimama. Marlys alifungua kiti chake cha kukunja, akakaa nje ya mstari wa chokaa na kumtazama anavyotafuna. Toby alikuwa na miaka kumi na miwili. Alikuwa nayo tangu kiangazi kile cha fainali ya wilaya, na wenzake aliocheza nao siku hiyo walikuwa sasa na vipara na vitambi, na watoto waliomzidi umri. Mpira wenyewe ulikuwa bado haujashuka.

Siku isiyo na mawingu ulionekana vizuri, kitone cheupe juu ya upande wa kituo cha tatu, ukijizungusha taratibu. Wakulima waliutazama asubuhi kabla ya kuingia shambani, maana ukiwa wa kijivu mvua ilikuwa njiani. Rubani wa ndege ya kunyunyizia mahindi dawa aliukwepa kwa mazoea. Wageni waliosimama kujaza mafuta waliuliza kile ni kitu gani, wakaambiwa ni mpira wa fainali, wakasema alaa, wakalipa na kuendelea na safari zao za kwenda jiji la Omaha.

Mambo yalianza hivi. Timu ya mji wetu ilikuwa ikicheza na watoto wa Osmer, mji jirani tusiopendana nao kwa sababu ambayo hakuna anayeikumbuka. Kocha wetu alikuwa Gaylen Vosika, baba yake Toby, ambaye mchana alifanya kazi kwenye ghala la nafaka la ushirika na jioni aliwafundisha watoto. Kilikuwa kipindi cha mwisho. Tulikuwa nyuma kwa alama moja, mpigaji wetu mmoja ameshatolewa, na watoto wetu watatu walikuwa kwenye vituo: mmoja cha kwanza, mmoja cha pili, na Toby cha tatu. Akifika tu kituo cha mwisho, tumesawazisha.

Gaylen alisimama kando ya kituo cha tatu, mahali anaposimama kocha ili amwambie mkimbiaji wakati wa kwenda na wakati wa kukaa. Na hapa ijulikane desturi yetu. Mtoto wa kocha, akishavuka mstari wa chokaa, hamwiti babake Baba. Humwita Kocha, kama wengine, asije akaonekana anapendelewa. Baba naye, kwa sababu hiyo hiyo, humkemea mwanawe kuliko anavyowakemea watoto wa watu. Mchezo ukiisha, pale langoni, Kocha anakuwa Baba tena na wanakwenda kula aiskrimu, washinde wasishinde. Sote tuliona hayo ni malezi mema.

Mpigaji wetu aliupata mpira kwa chini, ukapaa wima. Brent Haluska, mtoto wa Osmer aliyelinda upande ule, akainua glavu na kusogea chini yake akipiga kelele, "Wangu! Wangu!" Gaylen akainama, mikono magotini, akamwambia mwanawe, "Mguu kwenye kituo. Usitoke mpaka nikuambie."

"Sawa, Kocha," akasema Toby.

Ugomvi ulianza kabla mpira haujamaliza kupanda.

Kuna kanuni moja ya besiboli ambayo kila mzazi huapa kwamba anaijua. Wakimbiaji wakiwa wamejaa vituoni, mlinzi mjanja anaweza kuuangusha mpira wa juu makusudi, na wale wakimbiaji, waliobaki vituoni wakidhani utadakwa, wakajikuta hawana pa kukimbilia. Anatoa wawili kwa mpira mmoja. Kuzuia ujanja huo, kanuni inasema mpira wa namna hiyo ukipanda tu, refa atangaze hapo hapo kwamba mpigaji ametolewa, udakwe usidakwe. Mpaka hapo tulielewana. Kilichofuata baada ya hapo ndicho kilichowafanya watu wazima wasimame juu ya viti vya kukunja, ambavyo havikutengenezwa kwa kusimamiwa.

"Mpigaji katolewa!" alipaaza sauti refa, Orville Stuhr, aliyekuwa akiuza bima siku za kazi. Au hakupaaza. Yeye alisema alipaaza.

"Hajasema kitu!" akafoka Gaylen. "Orville, hujasema kitu!"

"Nimesema!"

"Umesemea moyoni!"

"Labda meno yake ya bandia ndiyo yamesikia!" alidakia mama mmoja wa kwetu, na upande wetu ukaangua kicheko.

"Mkalale, nyie wakulima wa magugu!" walijibu Osmer. "Mpigaji nje, wakimbiaji warudi, mpira umekufa!"

"Nani kasema umekufa? Mpira hai! Mpira hai!"

"Ulisoma wapi kanuni wewe, kwenye pakiti ya mbegu?"

Hivyo ndivyo walivyoendelea. Wengine walisema wakimbiaji lazima wakae. Wengine walisema lazima wakimbie. Mzee mmoja alisema wanaruhusiwa kukimbia ila wasifike, akaulizwa afafanue, akakaa chini. Jua likatua. Watu wakaelekeza taa za magari uwanjani, mpira ukaonekana bado uko juu, na ugomvi ukaendelea kwa mwanga huo mpaka ng'ombe wa kukamuliwa wakawaita watu nyumbani. Mkimbiaji wa kituo cha kwanza alikuja kuchukuliwa na mamake kwa kushikwa sikio, na wa pili akamfuata. Brent Haluska aliambiwa chakula kinapoa. Jambo moja tu walikubaliana wote, Osmer na sisi, na Orville akalithibitisha: mchezo hauwezi kufungwa mpira ukiwa hewani.

Toby alibaki. Alikuwa mtoto msikivu.

Usiku ulipoingia Marlys alivuka mstari wa chokaa amefungua mikono, kama mama yeyote anayekwenda kumchukua mwanawe aliyechoka. Alikuwa amebakiza hatua moja Gaylen aliporuka mbele yake.

"Usimguse! Ukimgusa anatolewa!"

Marlys akasimama, mikono ikiwa hewani. Akawatazama waliobaki kwenye viti. Wote wakatikisa vichwa kwamba ni kweli, mkimbiaji akiguswa na mtu wa upande wake hutolewa, hiyo ni kanuni, kila mtu anaijua. Marlys akaishusha mikono. Tangu jioni hiyo hakumgusa mwanawe tena.

Mji ulizoea, na usingeweza kufanya vinginevyo, maana kiangazi kilichofuata kulikuwa na watoto wengine wa kucheza. Ikawekwa kanuni ya uwanja kwamba mpira ukimgonga Toby Vosika unarudiwa. Toby mwenyewe alikuwa na adabu, alikunja bega ili asimzibe mlinzi, na watoto waliokuja kulinda kituo cha tatu walisema ni jirani mzuri, ila anauliza sana alama ni ngapi, na ukimwambia anasema, hizo ni zenu, mimi nauliza zetu. Baridi ikija, mtambo wa kuzoa theluji ulimzunguka kwa uangalifu. Marlys alimrushia kofia ya sufu, na soksi, na mara moja kitambaa chenye maji, kwa sababu shavuni palikuwa na alama ya vumbi na soda ya zabibu iliyomkera tangu siku ya fainali. "Shavu lingine," alimwambia. Toby akafuta shavu lile lile la kwanza. "Lingine, mwanangu." Akafuta kidevu. Marlys alikwenda nyumbani akalia jikoni, bomba limefunguliwa ili asisikike.

Mikono yake ilimlilia mwanawe. Hilo hakuweza kumweleza mtu, maana watu walimwambia, lakini si unamwona kila siku? Ni kweli alimwona. Alimwona kuliko akina mama ambao watoto wao walikwenda Denver wakapotelea huko. Lakini usiku, akiwa kitandani, viganja vyake vilikumbuka uzito wa kile kichwa, na joto la kisogo chake akitoka kuoga. Aliamka asubuhi na mikono mitupu, akakanda unga.

Gaylen naye alikuja kila siku akitoka kazini, na vumbi la nafaka kwenye nyusi. Alisimama pale pale kando ya kituo, akainama, mikono magotini.

"Mguu?"

"Upo, Kocha."

"Macho?"

"Kwenye mpira, Kocha."

Hawakuzungumza mengine. Ndani ya mstari hakuwa babake, na mchezo ulikuwa haujaisha. Asidhani mtu kwamba Gaylen hakumpenda mtoto wake. Alimpenda mpaka akakonda. Jioni nyingine alifungua kinywa kama anayetaka kusema jambo, akatazama juu, akakifunga. Mara moja Toby alimuuliza, "Kocha, tukimaliza tutakwenda kula aiskrimu?" Gaylen akasema ndiyo, washinde wasishinde. Duka la aiskrimu lilikuwa limekwisha kufungwa na jengo kugeuzwa kuwa la kutengeneza simu, lakini hakuna aliyeona haja ya kumwambia.

Nyumbani Marlys aliuliza, "Leo kasema nini?"

"Kasema upo."

"Kingine?"

"Hapana. Nipe chumvi."

Brent Haluska alikua akawa muuzaji wa mbolea. Glavu yake ya utotoni, ambayo sasa iliingia vidole vitatu tu, aliiweka kwenye gari lake la mizigo kwa tahadhari. Upepo ukivuma sana kutoka kusini watu walimpigia simu. "Brent, naona kama umeshuka kidogo." Brent aliacha kazi, akaendesha, akasimama chini ya mpira, akakodoa macho, akaona hapana, akamsalimu Toby na kurudi kwenye mbolea yake. Siku moja alikuja na bintiye, aliyekuwa mdakaji hodari, akauliza kama anaweza kumwachia nafasi. Gaylen alisema hakuna badiliko la mchezaji lililotangazwa kwa refa. Brent akasema ni haki.

Mwaka mmoja, mwezi wa pili, Marlys aliteleza kwenye barafu akimpelekea Toby supu. Alianguka pale pale, karibu kiasi cha Toby kuweza kumfikia kama angenyoosha mkono na kuinua mguu. Toby alinyoosha mkono. Mguu haukuinuka.

"Mama! Mama, umeumia?"

"Kaa hapo hapo," akasema Marlys, kwa sababu hata yeye alikuwa ameshazoea. "Supu imemwagika. Nitaleta nyingine."

Hakuleta nyingine. Alilala hospitali, wakamtia chuma nyongani, na alipokuwa amelala aliitazama mikono yake juu ya blanketi. Ilikuwa imekonda, vifundo vimevimba. Akaona kwamba kuna siku mikono hii haitaweza tena kumshika mtu, hata ikiruhusiwa. Aliporudi nyumbani, Gaylen akiwa ghalani, aliinua simu akapiga makao makuu ya ligi ya watoto.

"Nataka kujua kitu kimoja," alisema. "Mama akimgusa mkimbiaji, mkimbiaji anatolewa?"

"Katika mchezo wa lini, mama?"

"Bado unaendelea."

Kijana wa kwenye simu alimwomba asubiri, akasikika akipekua, akarudi na kusema kwamba ni kweli, mchezo huo bado upo wazi, na kwamba mtu atakuja.

Aliyekuja, mwezi wa sita, alikuwa Bi Constance Ruhl, mwanamke mfupi mwenye viatu imara, aliyekuwa amefundisha marefa wa jimbo zima mpaka wengi wao wakamwogopa. Aliegesha gari, akaenda moja kwa moja kituo cha tatu.

"Hujambo, kijana?"

"Sijambo. Tuko nyuma kwa alama moja."

"Nimesikia." Akauweka mkono juu ya macho, akautazama mpira kwa muda mrefu. Kisha akamgeukia Brent Haluska, aliyekuwa amesimama na glavu yake ya vidole vitatu. "Mpira huu unaweza kuudaka bila taabu?"

"Ukifika chini, ndiyo."

"Vizuri."

Mji mzima ulileta viti. Osmer nao walikuja na vyao, wakaviweka upande wao wa zamani, na waliofariki waliachiwa nafasi. Bi Ruhl alitaka kuwasikiliza wote, na hilo likawa kosa lake la pekee siku hiyo, kwa sababu kila mmoja aliendelea na sentensi aliyoiacha kiangazi kile. "Nilisema!" alilia Orville Stuhr kutoka kwenye kiti chake cha magurudumu. "Ulisemea moyoni!" akajibiwa. Mtu akataja pakiti ya mbegu. Bi Ruhl alifungua chupa yake ya maji, akanywa, akangoja waishiwe pumzi.

"Sasa nisikilizeni mimi," alisema. "Refa awe alisema, awe hakusema, mpira ulikuwa wa kanuni hiyo. Mpigaji ametolewa."

Mpigaji, ambaye sasa alikuwa daktari wa meno, alisimama, akasema, "Basi nimetolewa," na akaonekana kama aliyetuliwa mzigo. Alipeana mikono na waliokaa karibu akaenda zake.

"La pili. Mpira haukufa. Mpira uko hai mpaka leo, mnauona. Mkimbiaji halazimishwi kukimbia na wala hakatazwi. Akitaka anakaa, akitaka anakwenda, kwa hatari yake mwenyewe. Kijana huyu angeweza kukimbia jioni ile ile."

Kisha Osmer wakasema ndivyo walivyosema tangu mwanzo, nasi tukasema ndivyo tulivyosema sisi.

Marlys alisimama kwa fimbo yake. Alikuwa amevaa sweta lake zuri la kanisani.

"Na mimi?" akauliza. "Kanuni inasemaje juu yangu?"

Bi Ruhl hakufungua kitabu. Alisema kwa sauti ya chini kuliko ya kwanza, ila sote tulimsikia. "Kanuni inamkataza kocha kumshika mkimbiaji ili kumsaidia kutoka kituoni au kurudi. Inamtaja kocha. Mama hatajwi popote."

"Kwa hiyo naruhusiwa."

"Ulikuwa unaruhusiwa siku zote, Bi Vosika."

Hakuna aliyemtazama mwenzake. Kiti cha mtu kililia. Yule mama wa utani wa meno ya bandia, ambaye sasa alikuwa bibi kizee, alisema polepole, "Basi tulikosea kidogo." Wapo waliokuwa wametikisa vichwa jioni ile ambao sasa walianza kutafuta funguo za magari mifukoni, ingawa walijua zilipo.

"Na la mwisho," akasema Bi Ruhl. "Mpira ukiwa hewani, refa hafungi mchezo. Lakini kocha wa timu iliyo nyuma anaweza kukubali kushindwa wakati wowote. Akisema neno hilo, mchezo umekwisha, na mtoto anakwenda nyumbani kwao. Hata sasa hivi."

Watu wote walimgeukia Gaylen. Alikuwa ameshavuka miaka ya kustaafu, kofia ya timu imepauka mpaka maandishi hayasomeki. Toby naye alimgeukia. Alikuwa amesikia kila neno, maana masikio yake yalikuwa mazima.

"Kocha?" akaita. Alijaribu kuificha furaha isionekane, jinsi alivyofundishwa, lakini ilikuwa imeshapanda usoni. "Nitoke?"

Gaylen akatazama juu, kwenye mpira. Marlys alimsogelea mumewe karibu sana, akaongea naye kama wanavyoongea jikoni.

"Gaylen. Mwambie."

"Ni alama moja tu, Marlys."

"Najua ni ngapi."

"Yuko pale. Ni mbio fupi tu."

"Mwambie, mume wangu. Nakuomba."

Gaylen alivua kofia, akajipangusa kipaji cha uso, akaivaa tena. Macho yake yalikuwa mekundu. "Nikimwambia leo," alisema, "maana yake ningeweza kumwambia siku ile."

"Ndiyo."

"Na mwaka uliofuata. Na ule mwingine."

"Ndiyo, Gaylen. Miaka yote."

Hapo ndipo palipomshinda. Kushindwa na Osmer angeweza kumeza, kwa shida, na maji mengi. Lakini hili la kwamba neno lilikuwa mdomoni mwake tangu jioni ya kwanza, na kwamba alikuja kila siku kulisimamia bila kulitoa, hilo halikupita kooni. Alimtaka mwanawe kama Marlys alivyomtaka. Alitaka kumshika bega pale langoni na kuitwa Baba. Alisimama hapo akilitaka jambo hilo mbele ya watu wote, na machozi yakamtoka, akayaacha yateremke. Kisha akatembea mpaka mahali pake kando ya kituo cha tatu, akainama kwa shida, mikono magotini.

"Mguu kwenye kituo, Toby."

Ile furaha ilishuka usoni mwa Toby taratibu.

"Upo, Kocha."

Bi Ruhl alisubiri kidogo, kwa adabu, endapo lingefuata neno lingine. Halikufuata. Akasema kwamba kocha ametumia haki yake na mchezo unaendelea, akapeana mikono na Orville, akapanda gari. Watu walianza kukunja viti. Upande wetu walikuwepo waliosema Gaylen ni mwanamume wa kweli, hakati tamaa, na waliosema ni aibu, na wote hao walikutana baadaye kwenye kibanda cha soseji wakapanga foleni moja na Osmer. Brent Haluska aliirudisha glavu garini.

Marlys alivuka mstari wa chokaa. Hakuna aliyemzuia. Aliiachia fimbo ianguke kwenye nyasi, akamfikia mwanawe, akamzungushia mikono yote miwili.

Kiangazi kile cha fainali Toby alikuwa akimfika kifuani. Sasa alimfika kidevuni, kwa kuwa mama ndiye aliyekuwa amepungua kimo. Alinukia vumbi na pipi ya kutafuna. Kisogo chake kilikuwa na joto lile lile. Marlys akamkumbatia kwa nguvu zote alizokuwa amezitunza, akamvuta kwake, na mwili wa mtoto ukayumba.

"Mama, usinivute," akasema Toby, mdomo wake ukiwa ndani ya sweta. "Mguu utatoka."

Marlys akalegeza mikono. Akajifunza, pale pale, ni kiasi gani anaweza kumshika mwanawe bila kumsogeza, na akamshika kiasi hicho.